Baba Yangu, Chifu na Kitu Kilichopita Juu ya Njoro

Kabla hamjatumiwa ile video na watu wengine, wacha niwaambie mwenyewe. Leo nimejianika mbele ya lokesheni nzima. Mchana kweupe, chifu ameketi hapo, karani anaandika. Kama kuna shimo karibu na Njoro linalotosha mtu wa kilo tisini na mbili, nielekezeni.

Nianze na baba yangu, kwa sababu haya yote niliyafanya kwa ajili yake (hiyo ndiyo pole pekee ninayojipa).

Baba anaitwa Njuguna. Lakini ukija huku kwetu ukiulizia Njuguna, utazunguka mpaka jua litue. Ulizia Sahani, hata mtoto wa chekechea atakupeleka hadi mlangoni. Jina hilo alipachikwa akiwa kijana, wakati mashamba ya wazungu yalikuwa ndio yanaanza kugawanywa. Alikuwa anakamua ng'ombe wa mzungu mmoja. Asubuhi moja, jua halijatoka vizuri, akaona kitu kimesimama angani upande wa milima ya Mau. Mviringo kama sahani, kinang'aa, hakina sauti. Kikakaa hapo kwa muda, halafu kikapanda juu mara moja na kupotea.

Baba alikuwa kijana mwaminifu. Akaenda kuripoti kambi ya chifu wa siku hizo. Kesho yake wakaja wanaume wawili na gari la serikali. Wakamuuliza maswali, wakaandika, wakamwekesha kidole gumba kwa karatasi ambayo hakuweza kuisoma. Halafu wakamwambia, "Wewe hukuona kitu. Mtu akikuuliza, uliona baluni." Baba hakuwa amewahi kuona baluni maishani mwake.

Jirani yetu Mzee Rotich, ambaye ni rika lake, ndiye alikuwa wa kwanza kumwita Sahani. Jina likakwama. Sisi shuleni tuliitwa watoto wa Sahani. Mama, Mungu amlaze pema, alikuwa anaitwa Mama Vyombo sokoni na anaitika. Miaka sitini na kitu, jamani.

Sasa mwezi uliopita tulimzika ndugu yake mdogo. Programu ya mazishi ikatolewa, karatasi nzuri ya rangi. Ndani, kwenye orodha ya familia, wameandika: "Ndugu wa marehemu: Mzee Sahani." Baba aliisoma, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni. Tukirudi nyumbani akaniambia, "Mimi sitaki kuzikwa na hilo jina." Baba yangu si mtu wa kulalamika, na maneno hayo yaliniingia vibaya sana. Nikaapa moyoni kwamba nitamtoa hilo jina kabla hajatuacha.

Na mnanijua mimi. Mambo ya angani nimeyasoma mpaka nikapoteza marafiki. Nina group yangu inaitwa Macho Juu, tuko watu kumi na tisa (wawili ni wale hawajui kutoka). Mke wangu, Mama Shiru, huwa anasema, "Macho juu, boma chini." Mtu akitangulia wakati wake lazima avumilie.

Basi leo kulikuwa na baraza ya chifu. Nilikuwa nimepanga kusimama wakati wa mengineyo niulize serikali swali moja tu: faili ya baba yangu iko wapi?

Saa tatu asubuhi nilikuwa nafunga mitungi ya maziwa kwa pikipiki. Mama Shiru akatokea na jembe mkononi.

"Baba Shiru, ile nailoni ya grinhausi. Upande wa barabara kamba zimeoza. Na hii jua, kile kimbunga ya vumbi ikipita hapa itaibeba."

Hiyo ilikuwa wiki ya tatu ananiambia.

"Nitaifunga nikitoka baraza."

"Ulisema hivyo juzi. Na kile kiraka chako pia kinaanza kufunguka."

Nilikasirika kidogo. Kile kiraka nilikishona mwenyewe mwaka jana, tawi la mkaratusi lilipoangukia grinhausi. Nilikata kipande cha gunia la chakula cha ng'ombe nikakishona kwa mkono, na mpaka leo hakijaingiza tone la mvua. Nikamwambia nyanya zinazokua humo ndani hazijui kama ni kiraka. Nikaondoka.

Kwa kituo cha maziwa laini ilikuwa ndefu, nikamaliza karibu saa tano. Nikashika ile barabara ya vumbi kuelekea ukumbi wa baraza, mitungi mitupu inagongana nyuma. Huku kwetu ngano imeshavunwa. Mashamba yamebaki makavu, jua linawaka, hakuna hata kunguru. Nikainua macho.

Kilikuwa pale. Juu ya ile miti ya ua, kitu cheupe kinang'aa mpaka kinaumiza macho. Kinazunguka polepole. Mara kirefu, mara kifupi, mara kimekuwa duara kabisa. Hakina mabawa, hakina moshi wala sauti. Na kilikuwa kinapanda.

Nilizima pikipiki katikati ya barabara. Kilikuwa kinatokea upande wa nyumbani kwetu (hapo mtu mwenye akili angejiuliza swali). Mimi nilifikiria kitu kimoja tu: wamerudi. Miaka sitini, na wamerudi palepale, kwa boma la yule mtu aliyewaona mara ya kwanza. Nikatoa simu nikaanza kurekodi. Siwaongopei, nilikuwa nalia.

Kulikuwa na mama mmoja anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni.

"Mathe, unaona ile?"

Akainua kichwa. "Naiona."

"Unafikiria ni nini?"

"Si ni kitu ya mtu imebebwa na upepo."

Akaenda zake. Nilimhurumia. Nikajiambia, ndivyo serikali imewazoesha wananchi kujibu.

Kile kitu kikashuka nyuma ya miti kikapotea. Nilikuwa na sekunde hamsini na moja za video. Nikapanda pikipiki, nikaendesha kama mtu anayepeleka mgonjwa hospitali.

Baraza ilikuwa imehamishiwa ukumbi wa chama cha maziwa, kwa sababu ya jua. Watu walikuwa wamejaa. Baba alikuwa ameketi safu ya tatu, amevaa koti la kanisani. Nikajipenyeza mpaka kando yake.

"Baba. Wamerudi."

"Nani?"

"Wale."

Akanishika mkono. Nikamwekea video chini chini, sauti nimeifunga. Macho yake siku hizi hayana nguvu. Aliisogeza simu karibu, akaipeleka mbali, akairudisha karibu tena.

"Sioni vizuri," akasema. "Lakini yangu ilikuwa imetulia."

"Teknolojia inabadilika, Baba."

"Una hakika?"

"Mia kwa mia."

Akaniangalia kwa muda. Halafu akavua kofia, akaiweka juu ya goti, akanyoosha mgongo. Alikaa hivyo wakati wote wa baraza, kama mtu anayengoja kuitwa jina lake. Nikikumbuka hiyo kofia, ndipo nataka lile shimo.

Tukaombewa. Tukajadili josho la ng'ombe. Tukajadili ua wa shule. Afisa wa mifugo, dada mmoja mtaratibu kutoka mjini, alikuwa amekuja na projekta na shuka jeupe kutuonyesha mambo ya chanjo, na tukaangalia midomo ya ng'ombe wagonjwa kwa muda mrefu. Mimi sikusikia hata moja. Chifu wetu ni mama mmoja mkali asiyependa kupoteza wakati, na alipofika mwisho akasema, "Mengineyo. Kwa ufupi."

Nikainua mkono, nikasimama, nikaenda mbele kabisa (hakuna aliyeniambia niende mbele).

"Chifu, wazee, akina mama. Nataka kuzungumza juu ya siri za serikali."

Watu waliokuwa wamesimama kuondoka wakaketi. Huko kwingine wangetoka. Watu wa Njoro, ukitaja siri na serikali pamoja, wanavuta viti.

Nikaanzia Marekani. Nikawaambia jinsi rubani mmoja, zamani baada ya vita vikuu, aliona vitu milimani vikiruka kama sahani ukiirusha juu ya maji. Magazeti yakashika hilo neno sahani mpaka leo. Mwaka uleule, nikawaambia, kitu kikaanguka jangwani kwenye shamba la mfugaji. Mfugaji, kama sisi. Jeshi likatangaza kwamba limepata sahani ya angani. Haikupita hata siku mbili likageuza maneno.

"Wakasema si sahani. Wakasema ni nini?" Nikainua kidole. "Baba yangu aliambiwa aseme nini?"

Ukumbi mzima ukajibu, "Baluni."

Aki, nilijiskia kama mhubiri. Nikawapeleka mbele. Nikawaambia jinsi mafaili yalivyokuja kufunguliwa na kurasa zimepakwa wino mweusi. Nikawaambia jinsi juzi juzi bunge lao limewaapisha wanajeshi waseme walichoona. Nikawakumbusha lile duara la chuma lililoanguka kutoka angani huko Ukambani, na hilo kila mtu aliliona kwa simu. Wazee walikuwa wanatikisa vichwa. Hata Mzee Rotich, ambaye kazi yake ni kunicheka, alikuwa ameegemea fimbo yake bila kucheka.

"Sasa nauliza serikali. Faili ya Mzee Njuguna iko wapi?"

"Serikali gani?" Chifu akauliza. "Mimi?"

"Wewe ndio uko karibu."

Chifu akavua miwani. "Mafaili ya hiyo miaka yaliliwa na mchwa kabla hata sijaajiriwa."

"Mchwa," nikarudia polepole, nikiwaangalia watu.

"Mchwa," mzee mmoja nyuma akaguna. Ukumbi wote ulikuwa wangu.

Ningeketi hapo. Ndugu zangu, ningeketi hapo tu, leo ningekuwa nakunywa chai mbele za watu.

"Lakini sikuja na maneno matupu," nikasema. "Nimekuja na ushahidi. Nimeuchukua leo hii, nikija hapa."

Nikamwomba yule dada wa mifugo aniunganishie simu kwa projekta. Akaunganisha. Kile kitu kikatokea kwa shuka, kikubwa kama ukuta, kinang'aa, kinazunguka juu ya miti. Watu wakavuta pumzi pamoja. Mama mmoja akashika rosari. Nikamwangalia Baba. Alikuwa ameinama mbele, macho kwa shuka.

"Na hiyo vumbi chini yake ni ya nini?" Mzee Rotich akauliza.

"Hiyo ndiyo nguvu ya kupaa, Mzee."

"Ahaa."

Kitu kikageuka, na ubavuni kukatokea doa jekundu. Nikasimamisha video haraka.

"Mnaona pale? Hiyo ni alama. Kila chombo kina alama ya kwao, kama vile ndege zetu zina bendera."

"Hebu ikuze," Chifu akasema.

Nikaikuza. (Nawaomba, msikuze kitu mbele za watu kama hamjakikuza nyumbani.) Lile doa likajaa shuka. Lilikuwa limefifia kidogo lakini lilionekana. Masikio mawili. Pua. Macho makubwa mapole yanatuangalia.

Halafu yule dada wa mifugo akakohoa.

"Samahani. Hiyo ni ng'ombe."

"Inafanana na ng'ombe," nikasema.

"Ni Frisian," akasema.

Mzee Rotich akasimama kwa fimbo yake. "Naomba kuuliza. Huko juu pia wanafuga?"

Sijui ni kitu gani huwa kinanishika. Mtu wa kawaida angenyamaza. Mimi nikasema inawezekana wametuchunguza kwa muda mrefu, wakaona tunaheshimu ng'ombe, wakachora ng'ombe ili tusiwaogope. Nikayasema hayo na karani akayaandika.

"Na hayo maandishi chini ya kidevu?" Chifu akauliza. "Yamekaa juu chini. Karani, wewe una macho."

Karani akainamisha kichwa mpaka kikagusa bega. Akasoma pole pole. "Maziwa... zaidi."

Hapo nikaanza kukumbuka lile gunia. Na hapohapo mlango ukafunguka. Alikuwa Mama Shiru. Gambuti miguuni zimejaa vumbi, sketi imejaa mbegu za vishona nguo, leso imehama kichwani. Alikuwa anahema kama ametoka Nakuru mjini kwa miguu.

"Samahani, chifu, kwa kuingilia. Kuna mtu hapa ameona nailoni ya grinhausi ikipita?"

Ukumbi ukamgeukia Mama Shiru. Ukaligeukia shuka. Ukanigeukia mimi.

Mama Shiru akafuata macho ya watu. Akaangalia.

"Ndio hiyo," akasema. "Hata kiraka cha Baba Shiru hicho."

Wacha niseme ukweli, kwanza hawakucheka. Walinyamaza kwa huruma, labda sekunde tatu, na pengine tungetoka hapo na heshima kidogo. Lakini mimi, katika kutafuta pa kuzima, nikabonyeza simu vibaya. Video ikaanza upya kutoka mwanzo. Na safari hii ikaanza na sauti, kwa spika zile za chama.

Nilikuwa nimesahau kwamba nilikuwa nasema maneno.

"Karibuni," sauti yangu ikasema, nalia, inasikika mpaka barabarani. "Karibuni Njoro. Sisi ni watu wa amani. Baba yuko, ni mzee sasa lakini yuko. Karibuni nyumbani."

Nailoni ikazunguka kwa upole ikapanda mbinguni.

Ukumbi ulianguka, na vijana wa nyuma wakatoa simu wakarekodi. Kuna mzee alishikwa mabega asitoke kwa kiti. Chifu alijificha nyuma ya faili na faili likawa linatetemeka. Yule dada wa mifugo aligeukia ukuta. Mama Shiru peke yake hakucheka. Alinijia mbele, akanitoa simu mkononi, akaizima, akasimama kando yangu. Sitasahau hilo.

"Sahani amezaa kisosi," mtu akasema huko nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Kucheka mimi, sawa. Nimezoea. Lakini niliangalia safu ya tatu nikaona Baba amerudisha kofia kichwani. Alikuwa anaangalia sakafu. Alikuwa amekuja hapa amevaa koti la kanisani, nikamwambia mia kwa mia, na nimewapa watu miaka mingine sitini ya kumcheka. Nilitamani kulia na sikuwa na pa kulilia.

Halafu Baba akasimama.

Hakuinua mkono. Alisimama tu, akangoja. Kicheko kikapungua, kikarudi kidogo, kikapungua. Alingoja mpaka kikaisha.

"Yangu haikuwa na kiraka," akasema.

Wachache wakacheka. Alipoendelea, hata hao wakaacha.

"Na haikuwa inapeperuka. Ilikuwa imesimama. Nilikuwa na ndoo kati ya magoti. Ng'ombe wote walikuwa wamegeuza vichwa upande mmoja na wameacha kucheua. Nyinyi ni wafugaji. Ng'ombe haachi kucheua kwa sababu ya nailoni." Akapumua. "Mimi sijui ilikuwa nini. Sijawahi kusema najua. Nilisema niliona. Huyu mtoto amekosea leo, lakini amekosea akinitafutia jina langu. Basi. Nilitaka kusema hivyo tu."

Akaanza kuketi. Na hapo ndipo fimbo ikagonga sakafu upande ule mwingine. Mzee Rotich alikuwa bado amesimama. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hata wetu," akasema.

"Wenu nini, Mzee?" Chifu akauliza.

"Hata ng'ombe yetu iligeuka. Hiyo asubuhi nilikuwa nakamua shamba la ng'ambo ya mto. Iligeuka yote, ikakataa kuachilia maziwa. Nikaangalia kule ilikuwa inaangalia." Akainua fimbo kuelekea upande wa Mau. "Niliona. Ile kitu niliiona."

Baba aligeuka mzima mzima.

"Na mbona wewe ndio ulianza kumwita Sahani?" Chifu akauliza.

"Ile gari ilikuja kwetu pia, chifu. Walikuwa wanauliza ni nani mwingine aliona. Nilikuwa na miaka kumi na nane. Niliogopa. Nikafikiria, nikikuwa wa kwanza kucheka, hakuna mtu ataniuliza mimi." Akaangalia mikono yake. "Halafu watu wakacheka na mimi. Ukishaanza hiyo kitu, ni ngumu kuacha."

Fikirieni. Mimi nimesoma siri za Marekani mpaka macho yakauma. Nimetafuta faili ya serikali miaka kumi. Kumbe siri ilikuwa kwa jirani, inakunywa chai kwetu kila Jumapili.

"Nisamehe, Njuguna," Mzee Rotich akasema.

Sijawahi kusikia hilo jina kinywani mwake. Nina miaka arobaini na sita.

Baba akamwangalia usoni. "Miaka sitini, Rotich."

"Ndio."

"Na umekuwa ukinywa chai yangu."

"Ndio."

"Utaleta sukari."

Watu wakacheka tena, lakini kile kicheko kingine, kile cha kufuta macho. Chifu naye akafuta yake, akavaa miwani, akagonga meza.

"Karani. Andika kwa kumbukumbu za baraza. Mzee Njuguna aliona kitu angani. Shahidi ni Mzee Rotich."

"Niandike ni kitu gani?" karani akauliza.

"Andika kitu."

Akaandika. Chifu akamwita Baba mbele athibitishe, na karani akamsogezea kile kidude cha wino cha kuweka kidole gumba. Baba akakisukuma kando. Alisoma gumbaru uzeeni, masomo ya jioni pamoja na mama yangu. Akaisoma ile sentensi kwa midomo, neno kwa neno, mpaka mwisho. Halafu akashika kalamu, akaandika Njuguna, herufi moja moja, na hakuna aliyemharakisha.

Tulipotoka nje nilikuwa natembea nyuma yake kama mbwa aliyekula yai. Nikasema, "Baba, nisamehe." Akasimama akaweka mkono begani mwangu.

"Asante," akasema. "Lakini funga hiyo nailoni."

Mama Shiru ndipo sasa akacheka. Alicheka mpaka akaketi chini kwa nyasi na gambuti zake, na mimi nikaketi kando yake nikacheka pia, ningefanya nini.

Nailoni tuliikuta imekumbatia ua wa shule, kiraka hakijafunguka hata uzi mmoja (hilo nalo liandikwe). Wanaume sita wakanisaidia kuibeba mpaka nyumbani, tumeiweka mabegani kama jeneza, na watoto wa shule wakatusindikiza njia nzima. Kwa group yangu wametoka watu watatu. Wale wawili wasiojua kutoka bado wapo.

Jioni hii, ninavyoandika, Baba yuko nje na Mzee Rotich. Kuna paketi ya sukari mezani. Wanabishana kama kile kitu kilikuwa upande huu wa mlima ama ule, na hakuna anayesema sahani.

Lakini jina huku kwetu halipotei hivi hivi, linatafuta mwingine. Dakika tano zilizopita kuna mtu amepita hapo barabarani na pikipiki akapiga kelele, "Kisosi, habari ya jioni," na mimi, bila kufikiria, nikaitika. Kwa hivyo chekeni tu, nimewapa ruhusa. Ninachoomba ni kimoja: siku yangu ikifika, mtakaochapisha programu, niandikeni jina langu.